Paka Ajua Panapovuja

Mwezi wa Juni, transfoma ya Kariobangi Kusini,
ile iliyo nyuma ya kinyozi,
ilituma mtaani yuniti elfu kumi na nne.
Nikajumlisha mita za nyumba zote, moja moja,
kwa kalamu, maana kompyuta ya ofisi siiamini.
Zikaja elfu kumi na mia nane.
Elfu tatu na mia mbili
zilitoka nyumbani zikiwa hai
na hazikufika kwa mtu.

Meneja akasema: "Wezi."
Neno fupi. Linaenea vizuri kwenye ripoti.

Mimi ni mzaliwa wa Korogocho.
Mwizi wa umeme namjua,
najua waya wake unavyojikunja chini ya mkeka,
kwa kuwa nilimshikia koroboi jirani akituungia,
mama akilinda mlango kwa ufagio.
Hesabu za sehemu nilizisoma kwa taa ile.
Kwa hiyo sikubisha. Nikabeba ngazi.

Wezi walikuwepo, sikatai:
ndoano nne, pasi ya dobi,
mashine ya kuchomelea ya Ogeto inayokohoa saa nane usiku.
Nikawapigia hesabu wote kwa pamoja,
nikawaongezea na dhambi zao za zamani:
yuniti mia tisa.

Zilizobaki?

Kila waya hutoza ushuru wake.
Umeme hupita, waya hukata chake, hukitafuna,
hukitema kuwa joto.
Na waya mwembamba ni mlafi kuliko mnene:
ukiupa mzigo mara mbili
hukutoza mara nne.
Wahenga walituambia haba na haba hujaza kibaba.
Hawakukaa juu ya nguzo
wakaona haba na haba inavyokimwaga.

Saa moja jioni, chapati za mtaa mzima zikigeuzwa,
nikapima: fezi nyekundu, ampea mia mbili na kumi.
Ya njano, tisini. Ya buluu, hamsini na tano, imestarehe.
Nyumba ya ndugu watatu,
mtungi wa maji anabebeshwa mmoja
na kila mtu anashangaa mbona anatokwa jasho.

Ni Ekiru, bawabu wa ghala la mitumba, aliyenionyesha paka.
"Huyu," akasema, "hulala juu ya sanduku lile la nyaya,
kila usiku, tangu baridi ianze.
Bati zote za hapa ni barafu. Lile tu."
Nikaligusa kwa mgongo wa kiganja.
Lilikuwa vuguvugu kama paji la mtoto anayeanza kuugua.
Ndani, bolti moja imelegea,
shaba imekuwa nyeusi,
harufu ya plastiki iliyochoka.

Tukazima Jumapili. Tukatukanwa ipasavyo.
Mutheu wa saluni akatoka barabarani na mteja wake,
kichwa nusu kimenyooshwa, nusu bado kina hasira,
akaniuliza kama mimi nina watoto.
Tukabadilisha waya, tukaweka mnene.
Nyumba thelathini na moja tukazihamisha kutoka nyekundu
hadi njano na buluu.
Ndoano tukazishusha; Ogeto nikamjazia fomu ya mita mwenyewe,
akaweka sahihi kana kwamba anauza figo.
Bolti nikaikaza mimi,
mpaka spana ikagoma.

Agosti nikahesabu tena, kwa kalamu ileile.
Zilizopotea: mia saba na kumi.
Meneja akaandika: "Wezi wamedhibitiwa."
Nikamwachia sentensi yake.

Ila usiku ule nilipita pale.
Paka akaja, akaruka juu ya sanduku,
akaweka unyayo mmoja, akauondoa.
Akajaribu upande wa pili.
Akaniangalia
kama anayejua ni nani aliye na spana.

Ekiru amemtandikia gunia.
Mimi nimemwandika kwenye daftari langu,
ukurasa wa mwisho, chini ya jumla,
katika safu ya waliopoteza.